Dau dogo, uwanja mpana: Jinsi ubashiri wa gofu ya kulipwa unavyofanya kazi Kampala

Shilingi elfu moja za Uganda na simu ya mkononi zinatosha kumwezesha mkazi wa Kampala kutabiri nani atashinda mashindano ya gofu yanayochezwa Nairobi, Scotland au Marekani. Malipo yanayoahidiwa ni makubwa kuliko yale ya soka, na dau huonekana dogo kiasi cha kutomuumiza mtu. Makala haya yanaeleza kwa nini malipo hayo ni makubwa, masharti gani huyapunguza, sheria ya Uganda inasema nini, na hesabu ya mwaka mzima humwacha wapi mwenye dau dogo.

Mchezo wa wachache, dau la wengi

Yeyote apitaye Barabara ya Yusuf Lule, katikati ya vilima vya Kololo na Nakasero, huona uwanja wa gofu wa Kitante ukiwa umetandaza majani yake mabichi katikati ya jiji. Klabu ya Uganda Golf Club ilianzishwa mwaka 1908, na uwanja wa Entebbe una umri mkubwa zaidi. Hata hivyo, wengi wa wanaopita hapo kwa bodaboda au kwa miguu hawajawahi kushika fimbo ya gofu. Mchezo wenyewe unahitaji ada, vifaa na muda, vitu ambavyo mtu wa kipato cha chini hanavyo kwa wingi.

Kubashiri kumeliruka ukuta huo. Katika maduka ya kubashiri na katika programu za simu, soka ndilo mfalme, hasa Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini chini ya orodha ya soka huwekwa tenisi, mpira wa kikapu, kriketi na gofu. Gofu hupata nafasi hiyo kwa sababu haina msimu mrefu wa mapumziko. Mizunguko miwili mikubwa ya wachezaji wa kulipwa, PGA Tour ya Marekani na DP World Tour yenye makao Uingereza, huandaa mashindano karibu kila wiki. Juu yake yapo mashindano manne makuu: Masters mwezi Aprili, PGA Championship mwezi Mei, US Open mwezi Juni na The Open mwezi Julai.

Kuna sababu nyingine iliyoongeza nguvu ya biashara hii. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya shirikisho iliyokuwa ikizuia majimbo mengi kuruhusu kubashiri michezo. Tangu hapo, takwimu za kila mkwaju zimekuwa bidhaa ya kuuzwa kwa kampuni za kubashiri, na kampuni hizo huweza kubadilisha viwango vya malipo wakati mchezaji bado anatembea kuuendea mpira wake. Mtu aliyeko Kisenyi au Makindye huuona mabadiliko hayo kwenye simu yake kwa wakati uleule. Raundi ya mwisho ya Masters, kwa mfano, humalizika Augusta jioni ya Jumapili, na kwa saa za Kampala huwa ni karibu saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu.

Kwa nini viwango vya malipo ni vikubwa?

Katika mechi ya soka matokeo ni matatu tu: timu ya nyumbani ishinde, wageni washinde, au watoke sare. Mashindano ya kawaida ya gofu ya kulipwa huwa na wachezaji zaidi ya 100, mara nyingi 144 au 156. Huchezwa kwa siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kila siku, jumla 72. Mshindi ni yule aliyetumia mikwaju michache kuliko wote. Baada ya siku mbili hufanyika mchujo: katika mashindano mengi wachezaji wapatao 65 wanaoongoza, pamoja na wote waliofungana nao, ndio huendelea. Waliosalia hufungasha vitu vyao Ijumaa jioni, na kila dau lililowekwa juu ya ushindi wao hufa siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana kiwango cha malipo, ambacho wabashiri hukiita odi, huwa kikubwa. Odi ya 26 maana yake ni kwamba shilingi 1,000 zitarudi zikiwa 26,000 endapo mchezaji atashinda, dau lenyewe likiwa ndani yake. Ukigawa 1 kwa 26 unapata takriban asilimia 3.8. Hiyo ndiyo nafasi ya ushindi inayodokezwa na odi hiyo. Kwa maneno mengine, hata kampuni inayoahidi malipo hayo inakiri kwamba mchezaji huyo atashindwa mara nyingi mno kuliko atakavyoshinda.

Historia ya mchezo inalithibitisha hilo. Tiger Woods ameshinda mashindano 82 ya PGA Tour, rekodi anayolingana nayo Sam Snead pekee. Lakini Woods ameshiriki mashindano zaidi ya 350 ya mzunguko huo, kumaanisha kwamba hata mchezaji huyo bingwa ameshindwa zaidi ya mara tatu katika kila nne. Scottie Scheffler alikuwa na mwaka wa ajabu 2024: alishinda mara saba kati ya mashindano 19 ya PGA Tour aliyocheza. Hata hivyo, aliyembashiri kila wiki aliliona dau lake likipotea mara 12.

Karibu na nyumbani, mfano ulio wazi zaidi ni Kenya Open. Mashindano hayo yalianza mwaka 1967 katika klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, na miongoni mwa waliowahi kuyashinda ni Seve Ballesteros mwaka 1978 na Ian Woosnam mwaka 1986. Mwaka 2019 yaliingizwa katika ngazi ya juu ya mzunguko wa Ulaya. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Guido Migliozzi wa Italia. Mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya janga la Uviko-19. Kisha walifuata Justin Harding wa Afrika Kusini mwaka 2021, Ashun Wu wa China mwaka 2022, Jorge Campillo wa Uhispania mwaka 2023, Darius van Driel wa Uholanzi mwaka 2024 na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini mwaka 2025. Mashindano sita, washindi sita tofauti, kutoka nchi tano. Aliyetafuta mtu wa kumwamini mwaka baada ya mwaka hakumpata.

Aina za beti, na maana yake

Ya kwanza ni kumtaja mshindi wa jumla. Hii ndiyo yenye odi kubwa zaidi na ndiyo inayopotea mara nyingi zaidi.

Ya pili ni kutabiri kwamba mchezaji atamaliza katika nafasi tano, kumi au 20 za mwanzo. Odi hupungua kadiri nafasi zinavyoongezeka.

Ya tatu ni kutabiri kama mchezaji atapita mchujo wa Ijumaa au la.

Ya nne ni kuwalinganisha wachezaji wawili au watatu: nani kati yao atatumia mikwaju michache, ama kwa siku moja ama kwa mashindano yote. Hapa wengine 140 na zaidi hawahesabiwi, na kwa sababu hiyo beti hii hufanana zaidi na mechi ya kawaida.

Ya tano, inayotolewa na baadhi ya kampuni, ni beti ya sehemu mbili: nusu ya dau huwekwa juu ya ushindi, na nusu ya pili juu ya kumaliza katika nafasi za juu. Mwenye kuweka shilingi 1,000 katika beti hii hukatwa 2,000, jambo ambalo wengi huligundua baada ya salio kupungua. Sehemu ya pili hulipwa kwa robo au tano ya odi, kwa mujibu wa masharti ya kampuni.

Masharti hayo ndiyo kiini cha mambo. Uganda iliporekebisha Katiba yake mwaka 2005, Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini kurasa za masharti ya kubashiri kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyekulia Kibuli, Bombo au aliyewasili kutoka mashariki mwa Kongo hukutana na lugha ya kisheria ambayo huenda si yake, na hubonyeza kitufe cha kukubali kabla ya kufahamu alichokikubali.

Sharti linalowashangaza wengi: wachezaji wakifungana

Katika gofu, kufungana ni jambo la kawaida sana. Nafasi ya kwanza pekee ndiyo huamuliwa kwa mchezo wa ziada. Wengine wote wenye mikwaju sawa hugawana nafasi, na kampuni ya kubashiri hugawanya dau la mteja kwa kadiri hiyo hiyo.

Kenya Open ya 2019 inatoa mfano mzuri. Migliozzi alishinda kwa mkwaju mmoja, na nyuma yake wachezaji watatu, Harding akiwemo, walifungana katika nafasi ya pili. Kwa kampuni inayolipa nafasi tatu za mwanzo, zilizobaki zilikuwa nafasi mbili, nao walikuwa watatu. Kila dau juu ya mmoja wao lingehesabiwa kuwa theluthi mbili tu.

Tazama sasa hesabu kali zaidi. Mteja ameweka beti ya sehemu mbili, shilingi 1,000 kila sehemu, juu ya mchezaji mwenye odi ya 41. Kampuni inalipa robo ya faida kwa nafasi tano za mwanzo. Mchezaji wake hakushinda, lakini amemaliza wa tano. Nusu ya kwanza ya dau imepotea. Nusu ya pili inapaswa kulipwa kwa odi ya 11, yaani shilingi 11,000. Baada ya kutoa 2,000 alizoweka, faida yake ingekuwa 9,000.

Lakini ubao wa matokeo unaonyesha kwamba wachezaji wanne wamefungana katika nafasi hiyo ya tano. Nafasi inayolipwa ni moja, wanaoidai ni wanne. Dau la 1,000 linagawanywa kwa nne na kuwa 250, na malipo yanakuwa shilingi 2,750. Faida halisi ni 750. Mteja huyo hajaibiwa, kwani sharti lilikuwapo tangu mwanzo. Hata hivyo, kati ya 9,000 aliyoitarajia na 750 aliyoipata kuna tofauti ambayo hakuna tangazo lililomweleza.

Masharti mengine mawili yafaa kujulikana. Mchezaji akijiondoa kabla ya kupiga mpira wake wa kwanza, kwa kawaida dau hurudishwa. Akijiondoa baada ya hapo, hata kama ni kwa maumivu ya mgongo katika shimo la pili, dau huhesabika kuwa limepotea. Pia mvua kubwa au upepo ukifupisha mashindano, kila kampuni ina kanuni yake kuhusu beti zipi zinabaki na zipi zinafutwa.

Sehemu ya kampuni imefichwa wapi?

Kampuni ya kubashiri haihitaji kujua nani atashinda. Inachohitaji ni kuweka odi zote chini kidogo ya thamani yake halisi. Fikiria wachezaji wawili wenye uwezo sawa kabisa. Odi ya haki kwa kila mmoja ingekuwa 2. Kampuni huweka, kwa mfano, 1.83 kwa kila mmoja. Watu wawili wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja upande wake, kampuni hupokea 2,000, humlipa mshindi 1,830, na kubakiwa na 170. Kwa wastani, kila shilingi 1,000 inayowekwa humwachia mteja 915.

Katika beti ya mshindi wa jumla, ukato huo huwekwa juu ya wachezaji wote zaidi ya 100 kwa pamoja. Kila mmoja hupunguzwa kidogo, na jumla yake huwa kubwa kuliko katika soka. Jicho la kawaida haliwezi kuona kwamba mchezaji aliyestahili odi ya 67 amewekewa 50, kwa sababu namba zote mbili huonekana kubwa kwa mtu mwenye shilingi elfu moja mfukoni.

Mkeka, yaani kuunganisha beti kadhaa katika tiketi moja, huzidisha ukato huo. Chukua mikabala mitano ya wachezaji wenye uwezo sawa, kila mmoja ukiwa na odi ya 1.83. Uwezekano wa kupatia yote mitano ni mara moja katika 32. Malipo ya haki yangekuwa mara 32 ya dau. Kampuni italipa takriban mara 20.5. Kwa wastani, shilingi 1,000 iliyowekwa kwenye mkeka huo ina thamani ya shilingi 641 mara tu baada ya tiketi kutoka. Kwa sababu hii mikeka mirefu hutangazwa sana, na kwa sababu hiyo hiyo huchanika sana.

Hesabu ya mwaka mmoja

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Tuseme mtu mmoja anaamua kuweka shilingi 5,000 tu kila wiki juu ya mshindi mmoja wa gofu mwenye odi ya 50. Kwa wiki 52 atakuwa ametoa shilingi 260,000. Tuseme pia kwamba nafasi halisi ya mchezaji anayemchagua kila wiki ni asilimia 1.5.

Kwa hesabu hiyo, kati ya watu 100 wanaofanya hivyo, wapatao 46 watamaliza mwaka mzima bila kupata ushindi hata mmoja. Yule atakayeshinda mara moja atapokea shilingi 250,000, na bado atakuwa pungufu kwa 10,000. Ni wale tu watakaoshinda mara mbili au zaidi ndio watakaomaliza mwaka wakiwa na faida, na hao ni wachache, chini ya mmoja katika kila watano. Kwa wastani wa wote, kila mmoja atakuwa amepoteza robo ya fedha zake.

Kuna makato mengine nje ya dau. Tangu mwaka 2018, Uganda hutoza ushuru wa asilimia 0.5 kwa kila fedha inayotolewa kutoka kwenye akaunti ya pesa za simu, mbali na ada ya kampuni ya simu. Mwenye kushinda kiasi kikubwa huenda asiuone uzito wake. Lakini anayetoa shilingi elfu tano au kumi kila mara hulipa ada hiyo mara kwa mara, na faida ndogo huliwa njiani kabla ya kufika mkononi.

Kwa nini hadithi za bahati hudanganya

Gofu ina hadithi za kusisimua ambazo humfanya mtu aamini kwamba kesho ni zamu yake. Mwaka 2003, Mmarekani Ben Curtis, aliyekuwa nafasi ya 396 katika orodha ya ubora duniani, alishinda The Open ikiwa mara yake ya kwanza kucheza mashindano makuu. Mwaka 1999 huko Carnoustie, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Alihitaji mikwaju sita tu ili ashinde, alitumia saba. Mskoti Paul Lawrie, aliyeianza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju kumi, akatwaa kombe katika mchezo wa ziada.

Visa hivi vinakumbukwa kwa sababu ni nadra. Kwa kila Curtis aliyeshinda, wapo maelfu wa nafasi ya 396 ambao majina yao hakuna ayakumbukaye, wala madau yaliyowekwa juu yao. Tena kisa cha Carnoustie kina pande mbili. Aliyembashiri Lawrie alishangilia, lakini aliyemwekea Van de Velde dau aliona fedha alizokwisha kuzihesabu zikizama kijitoni pamoja na mpira.

Sheria ya Uganda inasema nini?

Biashara hii inasimamiwa na Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya sheria mbili za miaka ya 1960. Sheria hiyo iliunda bodi ya taifa ya kudhibiti michezo hiyo, yenye mamlaka ya kutoa leseni na kuzifuta. Kipengele kinachowagusa vijana zaidi ni umri: nchini Uganda hairuhusiwi mtu aliye chini ya miaka 25 kubashiri. Katika nchi jirani ya Tanzania kikomo ni miaka 18, kwa hiyo kijana wa miaka 20 anayevuka mpaka wa Mutukula huingia katika sheria tofauti.

Umri huo una matokeo ya kifedha. Kijana anayetumia laini ya simu au kitambulisho cha kaka yake hana pa kushika mambo yakiharibika. Fedha ni za yule ambaye jina lake limesajiliwa, na kampuni inaweza kukataa kulipa ikigundua kwamba mchezaji si mwenye akaunti. Kijana huyo hawezi kwenda kulalamika mbele ya mdhibiti bila kukiri kwanza kwamba amevunja sheria.

Serikali imewahi kutaka kwenda mbali zaidi. Mwezi Januari 2019, David Bahati, aliyekuwa waziri wa nchi katika Wizara ya Fedha, alitangaza kwamba Rais Yoweri Museveni ameagiza kampuni mpya za kubashiri zisipewe leseni na za zamani zisihuishiwe leseni zao zitakapokwisha. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba vijana wanapoteza nguvu na akili zao katika kubahatisha, na kwamba fedha zinahamishwa nje ya nchi. Biashara hiyo haikutoweka. Mwaka 2023 Bunge lilitenganisha viwango vya kodi: asilimia 30 kwa kasino na michezo ya aina hiyo, na asilimia 20 kwa ubashiri, ikihesabiwa juu ya madau yote baada ya kutoa malipo ya washindi. Kwa hiyo serikali huionya jamii dhidi ya kamari na wakati huo huo huitegemea kwa mapato, mvutano usio wa Uganda peke yake.

Kwa familia nyingi za Waislamu miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili jijini, swali la leseni halina uzito, kwani kamari imeharamishwa katika dini yao liwe dau kubwa au dogo. Makanisa mengi nayo huipinga. Hata hivyo zzaala, kama Waganda waiitavyo kamari, imepata wateja katika kila mtaa na kila dini, na ukimya wa nyumbani mara nyingi humzuia aliyepotea kuomba msaada mapema.

Je, mashindano yenyewe ni safi?

Wachezaji wa kulipwa hawaruhusiwi kubashiri gofu. PGA Tour ilianza mpango wake wa uadilifu Januari 2018, na Oktoba 2023 iliwasimamisha wachezaji wawili wa mzunguko wake wa daraja la pili kwa kubashiri mashindano ya PGA Tour ambayo wao wenyewe hawakucheza. Ni vigumu kumhonga mchezaji mmoja ili ashinde miongoni mwa wenzake 150. Ni rahisi zaidi kumshawishi apoteze mkabala wa siku moja, na ndiyo sababu beti ndogo ndogo za raundi na za shimo moja moja hufuatiliwa kwa makini.

Onyo la karibu zaidi kwa mkazi wa Kampala linahusu watu wanaouza "matokeo ya uhakika" kupitia makundi ya simu. Katika mchezo ambao bingwa wa dunia hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda, hakuna matokeo ya uhakika. Mwenye siri ya kweli hangeiuza kwa shilingi elfu kumi.

Dau dogo linapoacha kuwa dogo

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake hazitegemei ukubwa wa dau. Mtu huongeza dau ili kufidia alichopoteza, huficha simu na matumizi yake, hukopa, hutumia kodi ya nyumba au karo ya watoto kwa ahadi ya kuirudisha Jumapili, hukosa usingizi akifuatilia raundi inayochezwa upande mwingine wa dunia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza kwa yeyote anayebashiri ni kuandika kila shilingi inayotoka na kila shilingi inayorudi, kwa mwezi mzima, bila kuruka hata moja. Programu za kubashiri huonyesha ushindi kwa rangi na shangwe, ilhali hasara huachwa ikae kimya katika historia ya akaunti. Daftari huvipa vyote viwili uzito sawa. Hatua ya pili ni kuweka kikomo kabla ya mashindano kuanza Alhamisi, kwa fedha ambazo kupotea kwake hakutamnyima mtu chakula, dawa wala nauli, na kutokiongeza mchujo wa Ijumaa ukifika. Hatua ya tatu ni kusoma kanuni ya kufungana na ya kujiondoa kabla ya kulipa.

Kwa aliyekwisha kushindwa kujizuia, mtu wa kwanza wa kuambiwa ni yule anayeishi naye, na wa pili ni mhudumu wa afya. Kampala ina hospitali ya taifa ya rufaa ya afya ya akili huko Butabika, na vituo vya afya vya kawaida vinaweza kumwelekeza mgonjwa huko. Kumkabidhi ndugu anayeaminika usimamizi wa akaunti ya pesa za simu kwa miezi michache kumewasaidia wengi wenye uraibu wa aina hii, kwa sababu huweka mtu mwingine kati ya tamaa na kitufe.

Gofu hutazamika bila dau lolote. Siku nne za mashindano zina mvutano wa kutosha: mpira unaokataa kuingia shimoni, upepo unaogeuka, mchezaji asiyejulikana anayeshika uongozi Jumamosi. Anayeamua kuweka shilingi zake juu ya hayo yote afanye hivyo akijua kwamba ananunua burudani, na kwamba bei yake ni kubwa kuliko inavyoandikwa kwenye tiketi.